Wakala wa Kipekee

Hapana, baba mdogo, mimi sina wivu na rangi. Nilimjibu hivyohivyo leo mchana, sahani ya ugali ikiwa bado mbele yake, na nayaandika hapa kwa sababu pale mezani hakuniacha nimalize. Alikuwa anasema kampuni ya simu imeleta rangi yake, mafundi wake na brashi zake, imepaka banda la mama mdogo bila kutuomba hata maji ya kuoshea brashi, kwa hiyo ina haki ya kupanga ndani ya banda hilo kiuzwe nini.

"Ushindani ndio huo," alisema. "Mwenye nguvu anapaka, asiye na nguvu anaangalia."

Ushindani! Baba mdogo alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ukimpa neno kubwa analishika kama chaki, haliachi mpaka liishe. Nikamwambia ushindani ni timu mbili kuingia uwanjani. Ukinunua uwanja, ukafunga geti, wenzako wakabaki nje na jezi zao, halafu ukapiga mpira kwenye goli tupu ukashangilia, huo sio ushindani. Huo ni utoto wa mtu mzima.

"Unamwita nani mtoto?"

"Kampuni, baba."

"Mbona ulikuwa unaniangalia mimi?"

Mama mdogo akacheka, kisha akakumbuka kwamba naye amenikasirikia, akaanza kukusanya sahani wakati watu walikuwa bado wanakula.

Kinachogombaniwa ni meza yangu. Banda letu liko Mikumi, hatua chache kutoka stendi, upande ule ambao abiria wa Iringa na Mbeya wanashuka kunyoosha miguu. Mama mdogo anauza vocha, chaja, kava za simu, na vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, kwa wazee wasiotaka mambo mengi. Ndani ni kwake. Nje, chini ya paa lililochomoza kwa mbele, ni kwangu: meza ya mbao, viti viwili vya plastiki na kimashine cha kuchukulia alama za vidole. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale yaliyokuwa, kila mtu alikuwa na ushauri, na kila ushauri ulikuwa wa kunioza au wa kunipeleka kwa watu nikafanye kazi za ndani. Nikaenda Morogoro kwenye mafunzo ya usajili wa laini, nikapewa kimashine, nikarudi nikaweka meza. Hakuna aliyenisaidia zaidi ya mama mdogo aliyenipa kivuli. Hiyo meza ndiyo kitu pekee duniani ambacho naweza kusema ni changu bila mtu kukohoa.

Mtandao ninaosajili nitauita wa mlimani, maana ndio unaoshika kule Mamboya na vilima vinavyoizunguka. Hapa Mikumi kuna watu wengi wa huko, wamekuja kufanya kazi kwenye nyumba za wageni na kwenye miwa, na wazazi wao wamebaki juu. Wanakuja kwangu wakiwa wamepoteza laini, au wamezifua ndani ya suruali, na mmoja aliapa laini yake imemezwa na mbuzi. Nawarudishia. Kazi yangu ni hiyo, sio kubwa, lakini mtu anaondoka akiwa anaongea na mama yake.

Siku banda lilipopakwa sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Kilosa mjini kufuata cheti changu shuleni na kutoa nakala mbili tatu. Nikaingia kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na soko. Dada wa pale akaweka cheti kwenye mashine, mashine ikakataa. Ikaandika kwenye kioo chake kwamba wino uliomo sio halali. Dada akafungua, akatikisa kikopo cha wino, akarudisha. Mashine ikakataa tena. Wino upo, ameujaza mwenyewe kwa bomba la sindano kama wanavyofanya wote, karatasi ipo, umeme upo, na mashine imekaa pale kama mama mkwe, eti haitaki wino usiotoka kwao.

"Tangu wiki iliyopita ina kiburi," dada akaniambia. "Ilijiunga na intaneti, ikarudi na tabia."

Nilicheka barabarani peke yangu mpaka watu wakageuka. Sikujua kwamba huko Mikumi, saa hiyohiyo, tabia ileile ilikuwa inapakwa ukutani kwetu.

Nilirudi jioni, nikashuka kwenye gari, nikalipita banda. Kweli kabisa, nikalipita. Nilikuwa natafuta mbao zilizopauka, nikaona kitu cha zambarau kinachong'aa kama keki ya harusi, nikadhani kuna watu wapya wamefungua duka. Nikaenda mpaka kwa fundi cherehani, nikasimama, nikageuka. Ndipo nikamwona mama mdogo ndani ya ile keki, amevaa fulana ya zambarau juu ya kitenge, ananipungia mkono.

"Umepotea, wakati umezaliwa hapa!" akapiga kelele. "Njoo umwone wakala wa kipekee!"

Hilo neno. Afisa mauzo alikuja kutoka Morogoro na gari la kampuni na mafundi wawili, akampa mama mdogo shikamoo safi ya kuinamisha kichwa, akamwambia, "Mama yangu, kati ya mabanda yote ya Mikumi tumekuchagua wewe. Utakuwa wakala wetu wa kipekee." Mama mdogo ni mtu wa kwaya ya kanisa na mweka maua wa harusi zote za mtaa. Neno kipekee analijua. Washereheshaji wanalisema wakileta keki: zawadi ya kipekee. Redio inalisema: ladha ya kipekee, ofa ya kipekee, sabuni yenye harufu ya kipekee. Kwa hiyo alisikia kwamba yeye ni mtu maalumu, amechaguliwa, hafanani na wenzake. Akasaini. Jumapili yake kanisani alisimama wakati wa matangazo, akaomba kanisa limshukuru Mungu pamoja naye. Wakapiga makofi.

Wiki ya kwanza, nitakuwa mkweli, hata mimi nilipenda. Banda lilipendeza. Abiria walikuwa wanapiga picha. Kisha yakaja mabegi ya simu.

Zilikuwa simu za kugusa, nyembamba, zenye nembo ya zambarau mgongoni, bei ya chini kuliko za dukani. Nilifungua moja nikaikagua, maana mimi simu siziamini mpaka nizijue tumbo. Kwanza ndani ya boksi hamna chaja. Kuna waya tu. Wameandika kwenye boksi kwamba wamepunguza chaja ili kutunza mazingira. Mazingira yapi? Mteja anatoka na boksi, anageuka hapohapo, ananunua chaja kwenye boksi lingine. Sasa ni maboksi mawili. Hayo mazingira yametunzwa kwa hesabu gani sijui, na mimi hesabu ndiyo iliyonifelisha. Pili, simu imekuja na programu ya kubeti imekaa katikati ya kioo, na ukiibonyeza uifute inakwambia haifutiki. Simu nimenunua mimi, mfuko ni wangu, lakini ndani kuna mpangaji ambaye siwezi kumtoa.

Na la tatu sikuligundua. Hilo lilitusubiri.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Mamboya, alishuka kuja kumwona binti yake aliyejifungua hapa Mikumi. Alikuja bandani na mama mdogo akamchangamkia mno, wakazungumza Kikaguru, wakatafutana ukoo mpaka wakaupata. Mzee alitaka simu ya picha. Binti angekuwa anamtumia picha za mjukuu, naye angekuwa anamwona anavyokua bila kushuka mlima na magoti yake yale. Mama mdogo akamuuzia ile ya zambarau, na laini ya zambarau ndani yake, akamwekea na picha ya kwanza ya mtoto. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nasajili mtu, sikuinuka. Ningeinuka ningemuuliza swali moja tu: huko juu mtandao huu unashika?

Alhamisi afisa akarudi. Alikuwa na fulana ya zambarau, kalamu ya zambarau na viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilikuwa linavimezea mate. Hakutoa shikamoo safari hii. Alisema "habari za kazi, mama," kama anamsalimia mtu wa rika lake, kisha akaanza kubandua. Alibandua karatasi za mitandao mingine mlangoni, akabandua ile ya vocha dirishani, akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Sista, na hii inaondoka."

"Inaondoka inakwenda wapi?"

"Popote. Hapa ni banda la kipekee."

Mama mdogo akatoka ndani. "Baba, huyo ni mtoto wangu. Hiyo meza ilikuwepo kabla yenu."

"Naelewa mama, lakini umesaini. Wakala wa kipekee. Kipekee, yaani sisi peke yetu. Huuzi vya wengine, husajili vya wengine, hubandiki vya wengine."

Mama mdogo akasema, taratibu kabisa, "Mimi nilidhani wa kipekee ni mimi."

Afisa alicheka. Sio kicheko kibaya, ni kile cha mtu anayedhani umetania. Lakini mimi nilimwona mama mdogo anashusha mkono na kuivuta fulana yake chini, kama mtu aliyegundua kwamba imembana. Kanisa zima lilimpigia makofi kwa sababu ya neno ambalo kumbe lilikuwa la kumfunga mdomo.

"Mpaka Jumatatu," afisa akasema. "Nitapita nikague. Nikiikuta meza, tunasitisha uwakala, na kuna gharama za rangi."

"Si mlisema bure?" nikauliza.

"Bure kwa wakala wa kipekee."

Nilitaka kumwambia neno, mama mdogo akanikanyaga mguu.

Basi jana, Jumamosi, yule mzee akarudi. Tulimwona anavuka barabara na fimbo yake, mkono mmoja umeshika boksi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka, akakaa kwenye kiti changu cha wateja. Ametoka Mamboya alfajiri, akashuka mpaka Magole, akapata gari la Kilosa, akabadilisha la kuja huku. Kwa ajili ya simu.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hii simu imenizika."

Kwao juu ile laini ya zambarau haishiki hata ukipanda juu ya paa. Hilo sio kosa la mzee. Akafanya kama mtu yeyote mwenye akili: akaitoa, akachomeka laini yake ya zamani, ya mlimani. Simu ikaandika kwamba laini si sahihi. Akaichomoa akaifuta kwa shati, akarudisha. Si sahihi. Laini aliyoitumia miaka yote, namba ambayo ukoo mzima unaijua, simu inamwambia si sahihi. Kitochi chake cha zamani alikuwa amekwisha kumpa jirani, maana ana simu mpya. Binti yake huku Mikumi amepiga wiki nzima hapatikani, akaanza kulia, akidhani baba amekufa na watu wanamficha kwa sababu ana mtoto mchanga.

Niliichukua simu nikaijaribu mwenyewe. Imefungwa. Kampuni imeifunga ikubali laini yao tu, na kwenye boksi hawakuandika. Waliandika mazingira, hili wakalisahau.

Mama mdogo akampigia afisa, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Ah, hiyo iko hivyo mama, ni ofa ya mtandao wetu."

"Lakini kwao mtandao wenu hamna."

"Mamboya tuko kwenye mpango wa kupanua huduma. Kwa sasa awe anashuka kidogo mpaka Magole, pale inashika vizuri sana."

Anashuka kidogo! Mzee akapokea ile simu mkononi mwa mama mdogo, akasema na afisa mwenyewe kwa adabu kubwa: "Mwanangu, wewe umewahi kushuka kidogo kutoka Mamboya?"

Afisa akasema simu ikishafunguliwa kwenye boksi hairudi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lote, na ndilo nililokuwa namweleza baba mdogo leo asinisikie. Hawa watu wana hela ya kupaka kila banda kuanzia Dumila mpaka Mikumi. Siku hizi hapa mjini kilichobaki bila nembo ni nyani, na hao ni kwa sababu hawatulii. Rangi wanayo, mafundi wanao, magari wanayo. Mnara wa Mamboya hawana. Wangejenga mnara, mzee angewafuata mwenyewe, bila fulana na bila shikamoo ya Morogoro. Mtu hufuata kinachoshika. Lakini mnara ni kazi. Kumfungia mzee simu na kumtoa mtoto wa watu na meza yake ni rahisi zaidi. Ndiyo maana nawadharau. Wangeshinda kwa kuwa wazuri, ningesajili laini zao mimi mwenyewe na kuvaa hiyo fulana mpaka ipauke.

Mama mdogo aliingia ndani, akachukua kitochi kipya cha laini mbili kwenye rafu, akampa mzee, akaiweka ile simu ya zambarau chini ya kaunta. Mzee akakataa, mama mdogo akamwambia kwa Kikaguru maneno ambayo sikuyashika yote, lakini nilisikia la ukoo. Laini ya mzee ilikuwa imekwanguka kwa kuchomekwachomekwa, haisomi. Akaweka kidole kwenye kimashine changu. Kidole cha jembe, kilikataa mara mbili, nikakifuta na kitambaa chenye maji, kikakubali. Nikamrudishia namba yake. Akampigia binti yake palepale mezani, na yule dada alilia kwa sauti ambayo hata fundi cherehani aliisikia.

Mzee alipoondoka nilimwambia mama mdogo, "Angekuja Jumanne je? Ningekuwa wapi?"

"Nimesaini," akasema. "Mimi sio mtu wa kusaini leo na kukana kesho."

Na leo mchana baba mdogo akaja na ushindani wake. Baada ya yeye kuninyamazisha na mimi kumjibu mara tatu (alivyohesabu yeye), nilisema basi leteni hiyo karatasi, nani ameisoma? Hakuna. Mama mdogo aliitoa kwenye mfuko wa nailoni anaowekea kadi za ubatizo. Kurasa tatu, maandishi kama mayai ya chawa. Nikasoma kwa sauti. Wakala hatauza, hatasajili wala kuruhusu bidhaa au huduma za mtandao mwingine ndani ya banda au chini ya paa lake.

Nikarudia. Chini ya paa lake.

Baba mdogo akavuta miwani. Hapo sikutegemea kabisa. Akaisoma ile sentensi kidole kikifuata maneno, na nikaona ualimu unampanda kama homa.

"Chini ya," akasema. "Hawakusema mbele ya. Hawakusema pembeni ya."

"Hawakusema, baba."

"Mtu aliyeandika hivi angekuwa darasani kwangu ningemrudishia daftari." Akavua miwani. "Kampuni nzima, na hawajui matumizi ya 'chini'."

"Kwa hiyo sasa uko upande gani?" nikamuuliza.

"Mimi niko upande wa sarufi."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Alisema yeye hajasikia kitu, anaosha vyombo. Alipofika nje akasema tena, bila kugeuka, kwamba jua la Mikumi ni kali na mtu akikaa juani kutwa bila kichwa kufunikwa ataumwa, na yeye hana muda wa kuuguza mtu. Nikajua amekubali.

Mwavuli ndio umenisumbua tangu hapo. Miavuli yote mikubwa ya stendi ni ya kampuni hizihizi, wanaigawa kama pipi, na mimi sitoki kwenye rangi ya mtu kuingia kwenye rangi ya mtu. Baba mdogo ana mmoja mweusi, mkubwa, wa kwendea misibani. Nimemwomba, akasema nisiurudishe ukiwa na matangazo.

Kwa hiyo kesho. Saa kumi na mbili, kabla afisa hajamaliza chai yake Morogoro, nitakwenda bandani na kile kimashine. Mbele ya banda, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati, ardhi imejichimba vishimo vidogovidogo vilivyopangana kama mshono. Paa linaishia hapo, hata mtoto anaona. Nitaibeba meza, nitauvuka huo mshono kwa hatua moja, sio zaidi, nitaiweka chini na kuufungua mwavuli. Kisha nitakaa, nikiwa nimenawa uso, na afisa akija nitaanza mimi kumsalimia.